Malaria ya Ndege wa Hawaii: Historia ya Mwinuko, Maji na Mbu

Visiwa vya Hawaii viko katikati ya Bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka bara lolote. Kwa mamilioni ya miaka umbali huo uliwakinga ndege wake na maradhi ya nchi kavu za mbali. Kundi dogo la finchi kutoka Asia lilifika huko zamani sana, likatawanyika kisiwa hadi kisiwa, na kizazi chake kikagawanyika kuwa zaidi ya spishi 50. Wengine walikuwa na midomo minene ya kuvunjia mbegu, wengine midomo mirefu iliyopinda ya kufyonzea nekta, kama alivyo chozi wa Afrika Mashariki. Iiwi, ndege mwekundu wa jamii hiyo, alitoa manyoya yaliyoshonwa majoho ya machifu. Visiwa hivyo havikuwa na mbu wa asili hata mmoja, kwa hiyo ndege hao hawakupata kamwe kujenga kinga dhidi ya vimelea vya damu vinavyoenezwa na mbu.

Mbu aliletwa na meli. Kwa mujibu wa simulizi zilizoandikwa baadaye, mwaka 1826 mabaharia wa meli iitwayo Wellington, iliyotoka Mexico, walimwaga maji ya mapipa yao katika kijito cha Lahaina, kisiwani Maui, na viluwiluwi vikamwagika pamoja nayo. Mbu huyo, Culex quinquefasciatus, ni yuleyule anayezaliana katika vyoo vya shimo na mitaro michafu ya Dar es Salaam na kueneza matende katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Hawaii alienea mabondeni, lakini peke yake hakuweza kuleta malaria. Ilibidi kimelea nacho kifike.

Kimelea chenyewe, Plasmodium relictum, kiliingia na ndege wa kigeni waliofugwa au kuachiwa huru visiwani. Kadiri misitu ya mabondeni ilivyokatwa kupisha miwa na mifugo, ndege wa asili walizidi kuadimika karibu na makazi ya watu, na wakazi wakaanza kuagiza ndege wengine kutoka nje. Mwaka 1930 iliundwa hata jumuiya, Hui Manu, iliyokuwa na kazi ya kuleta ndege waimbaji. Ndege wengi wa kigeni walikuwa wamezoeana na malaria tangu enzi za mababu zao. Walibeba vimelea bila kuugua sana, wakawa hazina ya kudumu ya maradhi.

Dalili za balaa zilikwisha kuonekana mapema. Mwaka 1902 mtaalamu wa ndege Henry Henshaw aliandika kwamba ndege waliokufa walikuwa wakiokotwa mara kwa mara msituni. Jinsi mbu anavyopitisha malaria ya ndege ilikuwa tayari inajulikana, kwa kuwa Ronald Ross aliithibitisha mwaka 1898 huko Calcutta. Hata hivyo, miongo mingi ilipita kabla ya mambo hayo mawili kuunganishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Richard Warner alileta Honolulu ndege kutoka Laysan, kisiwa kitambarare kisichokuwa na mbu wakati huo. Waliowekwa katika vizimba vyenye wavu wa kuzuia mbu walinusurika. Walioachwa wazi kwa mbu waliugua na kufa. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1968, Warner alieleza kwa nini ndege wa asili walikuwa wamebaki milimani tu: mabondeni kulikuwa na mbu.

Siri ya milima hiyo ni baridi. Kimelea hukua ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kuambukiza, na ukuaji huo hutegemea joto la hewa. Chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi, hausongi mbele. Kwa kuwa joto hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, misitu iliyo juu ya mita 1,500 ilibaki kuwa kimbilio. Mtafiti Charles van Riper na wenzake walipochunguza mlima Mauna Loa, katika kisiwa cha Hawaii, mwishoni mwa miaka ya 1970, waligundua kwamba maambukizi hayakuwa makubwa zaidi chini kabisa, palipojaa mbu, bali katikati ya mteremko. Huko ndiko mbu waliokuwa wakipanda walikokutana na ndege wa asili waliobaki. Iiwi nao walizidisha hatari kwa kushuka kuifuata miti ya ohia inapochanua, kisha kurudi juu wakiwa wameambukizwa.

Maji nayo yana sehemu yake. Mauna Loa ni mlima mchanga wa volkano, wenye miamba inayonyonya mvua mara moja, na mito yake ni michache. Mbu angekosa pa kutagia mayai kama si nguruwe mwitu, wazao wa wale walioletwa na Wapolinesia na wa wale wakubwa wa Ulaya walioletwa kuanzia mwaka 1778. Nguruwe huangusha hapuu, jimbi refu kama mti, na kula kiini chake chenye wanga. Gogo linalobaki huwa kihori, mvua hulijaza, na baada ya siku chache viluwiluwi huonekana vikicheza ndani yake. Ndiyo maana kujenga uzio wa kuzuia nguruwe kukawa sehemu ya vita dhidi ya malaria. Kauai, kisiwa kikongwe chenye vijito vingi, hakikuhitaji nguruwe kiasi hicho, kwani madimbwi ya miambani yalitosha.

Ndege mgonjwa huacha kula, huvimbisha manyoya na kutulia tawini huku chembe nyekundu za damu yake zikiharibiwa. Majaribio ya mtafiti Carter Atkinson na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba iiwi 9 kati ya 10 hufa baada ya kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea. Si spishi zote zilizoshindwa. Amakihi, ndege wengine wa jamii ya iiwi, wa mabondeni katika kisiwa cha Hawaii wanaishi na kuzaliana ijapokuwa wengi wao wana vimelea damuni, ishara kwamba waliosalia walirithisha wana wao ustahimilivu.

Ongezeko la joto duniani sasa linapandisha mpaka wa mbu. Kauai, ambacho kilele chake hakifiki mita 1,600, hakina tena mahali pa juu pa kukimbilia. Katika uwanda wake wa Alakai maambukizi yalizidi maradufu kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2019 kiwikiu 14, ndege wa asili wa Maui wa jamii ya iiwi, walipelekwa Nakula, upande mwingine wa mlima Haleakala huko Maui, ili waanzishe makao mapya. Mbu walikuwa wamewatangulia, na karibu wote walikufa kwa malaria.

Iiwi aliorodheshwa kuwa katika hatari mwaka 2017, na mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba spishi 8 za ndege wa Hawaii zimetoweka kabisa. Mwaka huohuo wahifadhi walianza kuachia huko Maui madume ya mbu yenye bakteria iitwayo Wolbachia ya aina tofauti na ile ya majike wa huko. Madume hayaumi, na majike yanayopandana nayo hutaga mayai yasiyoanguliwa. Uzio na wavu huziba mianya michache tu. Kwa spishi zilizobaki kileleni, kupunguza mbu wenyewe ndiyo njia pekee inayoendana na kasi ya joto linalopanda.