Nakshi: Kutoka Patasi ya Pwani hadi Ngozi ya Bara

Neno nakshi lina asili ya Kiarabu, naqsh, kuchora kwa kuchimba. Mzizi huohuo umezaa munakasha, yaani mjadala. Kuchimba ubao na kuchimba hoja vimetoka katika shina moja. Mafundi wa milango wa Lamu na Unguja hutenda hivyo hasa: patasi huondoa mbao, ua likabaki. Anayetaka kuifuta nakshi hiyo hana budi kuuranda mlango wenyewe. Mdarizi, kinyume chake, huongeza uzi juu ya nguo. Lugha imeyaweka matendo hayo mawili chini ya jina moja.

Utata huo umeingia katika uhakiki. Msemo uliozoeleka ni "kutia nakshi", kana kwamba nakshi huja baada ya kitu kukamilika. Mhakiki asemaye kuwa tamathali "zimelitia shairi nakshi" amekwisha kuhukumu, pengine bila kujua, kwamba zaweza kuondolewa. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ulihusu jambo hilohilo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za utunzi mwaka 1954, na kwa waliomfuata, vina na mizani vilikuwa mwili wa shairi, si pambo lake. Kezilahabi, katika Kichomi (1974), alitunga bila kufungwa navyo. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na jina lenyewe lilikuwa dai.

Bara hiyo haina sura moja. Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, Kiswahili hukutanisha Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wabarabaig. Katika lugha za jamii hizo nne, Kirangi pekee ni cha Kibantu. Miongoni mwa Wabarabaig, mwanamke aliyeolewa huvaa hanang'weanda, vazi la ngozi lililopambwa kwa shanga. Vazi hilo ni alama ya hadhi yake ya ndoa, na heshima yake haitengani na mapambo yake. Kuliita urembo tu ni kulipunguza.

Mwandishi wa Kiswahili anayelieleza ana maneno matatu mbele yake: urembo, pambo na nakshi. La tatu ndilo lililo karibu zaidi, mradi lichukuliwe kwa maana yake ya patasi, si ya sindano.