Seleni: Jina la Mwezi Ndani ya Chumvi ya Ng'ombe

Mfugaji wa Mabanga, kaunti ya Bungoma, anajua kwamba ng'ombe wa maziwa anahitaji chumvi yenye madini. Lakini akigeuza pakiti nyingi za chumvi hiyo, anakutana na orodha ya Kiingereza. Shaba na zinki atazitambua. Na hii "selenium" nayo ni mdudu gani?

Kwa Kiswahili tunaiita seleni, elementi yenye alama Se na namba atomia 34. Mwaka 1817, nchini Uswidi, Jöns Jacob Berzelius na Johan Gottlieb Gahn walichunguza mashapo mekundu kutoka kiwanda cha asidi ya salfa. Mwanzoni walidhani ni teluri, elementi iliyopewa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya dunia. Kumbe kilikuwa kitu kipya, ila kinafanana nayo. Berzelius akakiita kwa jina la Kigiriki la mwezi, selene. Dunia ikapata mwenzake.

Mwaka 1873, Mwingereza Willoughby Smith alitangaza kwamba seleni hupitisha umeme vizuri zaidi inapomulikwa. Tabia hiyo ilikuja kutumiwa katika vipimamwanga vya wapiga picha na mashine za kutoa kopi.

Mwilini ina sura mbili. Katika miaka ya 1930, wataalamu wa Marekani walibaini kuwa mifugo iliyokuwa ikipoteza kwato ilikula mimea yenye seleni nyingi mno. Kisha mwaka 1957, Klaus Schwarz na Calvin Foltz wakaonyesha kwamba panya wakiikosa ini lao huharibika. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 55 tu kwa siku. Akizoea kupita 400, anajitafutia madhara.

Basi, msomaji, ile methali ya haba na haba hujaza kibaba haifai hapa. Kibaba cha seleni ni sumu! Ndiyo maana suala la istilahi si pambo. Mfugaji aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa atajua kwa nini achote kipimo kilichoandikwa, asiongeze kiganja kingine eti ng'ombe anenepe haraka. Neno tunalo tayari. Kilichobaki ni kuliandika kwenye pakiti, pamoja na kipimo chake.