Mzinga: Jiografia na Asili ya Jina la Mto wa Uluguru

Mto Mzinga hushuka kutoka Milima ya Uluguru, kusini-magharibi mwa mji wa Morogoro, na kumwaga maji yake katika mfumo wa mto Ngerengere. Pamoja na Mlali, Mgera na Lukulunge, ni miongoni mwa mito inayolijaza Bwawa la Mindu, chanzo kikuu cha maji ya mji huo. Ngerengere nao huelekea mashariki hadi Ruvu, unaoingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo.

Msikilizaji wa leo aghalabu hulihusisha jina Mzinga na silaha, kwa kuwa Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, lipo Morogoro. Uhusiano huo wavutia, lakini ni wa sadfa. Maana ya silaha ni tanzu: bomba la chuma lilipofika na baruti, lilipewa jina la gogo lililotobolewa ambalo wafuga nyuki walilitundika mtini. Kiganda nacho kina neno *omuzinga* kwa mzinga wa nyuki na kwa silaha. Hivyo basi neno hili si mali ya pwani pekee.

Hata hivyo, mzinga wa nyuki pia hautoshi kuwa jibu. Kusini mwa bandari ya Dar es Salaam mito miwili, Mzinga na Kizinga, huingia katika mikono ya bahari iliyo jirani. Jozi hiyo ni ushahidi muhimu: kiambishi kimebadilika, mzizi umebaki. Mzizi huo ni *-zing-*, wenye maana ya kuzunguka, unaoonekana pia katika *zingira*, *mzingo*, *mazingira* na *kizingo*, yaani pindo la mto. Gogo la nyuki lenyewe lilipata jina kutokana na umbo lake la mviringo. Kwa hiyo, tafsiri ya mto unaojipinda huieleza mito yote mitatu kwa kanuni moja, ilhali tafsiri ya nyuki huhitaji kisa cha pekee kwa kila mto, na ile ya silaha hushindwa kabisa kueleza Kizinga.

Kujirudia kwa majina ya mito si jambo geni nchini Tanzania. Jina Ruvu hutumika pia kwa mto wa bonde la Pangani. Aidha, wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ruvu wa Bagamoyo Kingani, na Stanley, aliyepita Simbamwenni mwaka 1871, aliandika Ungerengeri badala ya Ngerengere. Maandishi ya wageni, basi, ni ushahidi wa namna jina lilivyosikika. Asili yake hutafutwa katika mofolojia na katika mkondo wenyewe.

Suala hili lina uzito nje ya isimu. Jina likisomwa kwa kiwanda, historia ya Mzinga huanza miaka ya 1970. Likisomwa kwa mzizi wake, huanza na watu waliolijua bonde kwa mapindo ya maji yake.