Kifuniko cha Dashibodi: Sehemu Inayozeeka Kabla ya Gari

Kifuniko cha dashibodi ni tabaka la juu la sehemu inayomkabili dereva, kuanzia chini ya kioo cha mbele hadi karibu na magoti. Katika gari la kale, hiki ndicho kinachotangulia kufa. Injini hufunguliwa ikaundwa upya, bodi hunyooshwa na kupakwa rangi, viti hushonwa upya na fundi yeyote hodari, lakini plastiki iliyokauka na kupasuka haishoneki wala haizibiki ikapendeza. Ndiyo maana utengenezaji wa vifuniko vipya umekuwa fani inayojitegemea, yenye mafundi wake, kalibu zake na mabishano yake. Fani hiyo isingekuwapo kama watengenezaji wa magari wasingeacha mbao na chuma, vitu vilivyodumu, wakachagua kitu kisichodumu. Walikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Mwanzo wa dashibodi ni ubao mtupu. Magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya na Marekani yalikuwa na ubao, au kipande cha ngozi kilichowambwa kwenye fremu, kilichosimamishwa mbele ya mwendeshaji ili kumkinga na tope na mawe yaliyorushwa na kwato. Magari ya kwanza ya mota yaliurithi ubao huo ingawa farasi hakuwapo tena. Oldsmobile iliyotengenezwa Marekani kati ya 1901 na 1907 ilifahamika kwa jina la Curved Dash kwa sababu ubao wake wa mbele ulikunjwa kwa juu. Injini ilipohamia mbele, ubao ukawa ukuta kati ya mashine na abiria, na taratibu ukaanza kutundikwa vipimo na swichi. Havikuwa vingi. Ford Model T ya mwaka 1908 haikuwa na cha kumwonyesha dereva zaidi ya barabara yenyewe, na kipimo cha umeme kilifika mwaka 1919 pamoja na starta ya umeme.

Wakati huo neno kifuniko lingehusu mbao tu. Magari ya kifahari ya Uingereza, na baadaye hata Jaguar za watu wa kipato cha kati, yalivikwa utando wa mti wa mjozi, mwembamba usiofika milimita moja, uliogandishwa juu ya ubao wa plaiwudi na kupakwa vanishi hadi ukang'aa. Fundi alipasua tando mbili zilizofuatana kutoka kwenye gogo moja, akazifungua zikakabiliana, ili mistari ya upande wa dereva ilingane na ile ya upande wa abiria. Jua hupasua vanishi hiyo na unyevu huibandua, lakini tiba yake ni nyepesi kwa seremala mzuri: kukwangua, kuweka utando mpya, kupaka vanishi na kusugua kwa msasa laini. Hakuna siri ya kiwanda ndani yake.

Chuma kilikuwa rahisi zaidi. Kuanzia miaka ya 1930 dashibodi nyingi zilikuwa bati lililopondwa kwa mashine na kupakwa rangi ya gari lenyewe, na baadhi ya magari ya Marekani yalichorewa mistari ya mbao juu ya bati ili kumridhisha mnunuzi aliyetamani anasa kwa bei nafuu. Volkswagen Beetle, Morris Minor na Land Rover za mwanzo ziliingia Afrika Mashariki zikiwa na dashibodi za namna hiyo. Hadi leo Land Rover ya Series II iliyotelekezwa nyuma ya gereji kwa miaka mingi inaweza kusafishwa kutu, ikapakwa rangi, na dashibodi yake ikarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Ubaya wa bati hilo ulionekana hospitalini. Katika miaka ya 1930 Claire Straith, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura mjini Detroit, alikuwa akiunganisha nyuso za watu waliorushwa mbele gari liliposimama ghafla. Mikanda haikuwapo. Vinundu vya swichi vilitoboa mashavu, ukingo wa bati ulivunja taya na pua. Straith aliwashinikiza watengenezaji, na Dodge za mwaka 1937 zikatoka na vinundu vilivyozamishwa ndani ya dashibodi. Preston Tucker aliweka pedi ya sponji kwenye gari lake la mwaka 1948, ila kampuni yake ilianguka baada ya kuunda magari 51 tu. Ford walijaribu tena mwaka 1956: dashibodi yenye pedi iliuzwa kama nyongeza ya kulipia, pamoja na mikanda. Huko Ujerumani, Mercedes-Benz ya mwaka 1959 aina ya W111, iliyobeba mawazo ya mhandisi Béla Barényi kuhusu bodi inayojikunja wakati wa ajali, ililainishwa ndani pia.

Kilichogeuza hiari kuwa lazima ni siasa. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu cha kuwashtaki watengenezaji wa magari wa Marekani, na sehemu ya hoja yake ilihusu mgongano wa pili, yaani ule wa mwili wa abiria na vitu vilivyomo ndani ya gari. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966. Kiwango namba 201 kilichotokana nayo kilianza kutumika tarehe 1 Januari 1968, nacho kilipimika: kichwa cha bandia kikigonga dashibodi kwa kasi ya kilomita 24 kwa saa, mpunguo wa mwendo wake usizidi mara 80 ya mvutano wa dunia kwa zaidi ya milisekunde 3 mfululizo. Bati tupu haliwezi kutimiza sharti hilo. Watengenezaji wa Uingereza waliotegemea soko la Marekani walihangaika. Jaguar E-Type ilibadilishiwa swichi zake za vijiti vilivyochomoza. MGB ya soko la Marekani ilipewa dashibodi nene iliyotuna, isiyo na hata kisanduku cha kuwekea vitu, ambayo wenye magari waliipachika kwa kejeli jina la mto wa kulalia wa Abingdon, yaani mji ilikotengenezwa. Haikuwa nzuri machoni, lakini ni halali kusema iliokoa nyuso.

Vitu viwili vya maabara viliwezesha mabadiliko hayo. Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich aligundua mwaka 1926 namna ya kuifanya PVC, plastiki ngumu kama mfupa, iwe laini kwa kuichanganya na kimiminika cha kulainisha. Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani walizindua kemia ya poliyurethani mwaka 1937, na kutoka humo likapatikana povu linalomiminwa likiwa maji na kuumuka ndani ya kalibu. Kiwandani, karatasi ya PVC ilipashwa moto ikalainika, ikafyonzwa kwa hewa hadi ikashika umbo la kalibu pamoja na mikunjo na vinyweleo vya ngozi vilivyochongwa humo. Fremu ya bati iliwekwa nyuma yake, kisha povu likamiminwa katikati, likajaza nafasi na kuviunganisha vitu vitatu kuwa kimoja. Kazi ya dakika chache. Hakuna mshono, hakuna fundi wa kulipwa kwa siku nzima.

Muungano huo ndio unaotesa warithi wa magari hayo. Kimiminika cha kulainisha hakikufungwa kikemia na PVC, kimechanganywa tu. Joto hukitoa kidogokidogo, na utando wa mafuta unaofunga ndani ya kioo cha mbele cha gari jipya ni sehemu yake iliyokwisha kutoroka. Mionzi ya jua huvunja minyororo ya plastiki yenyewe. Ngozi ya PVC hukauka na kusinyaa, ilhali fremu ya bati iliyo chini yake haisinyai, na povu linalozishikilia huchakaa likawa ungaunga. Mvutano ukizidi, ngozi hupasuka mahali palipo dhaifu: kwenye pembe za matundu ya hewa, karibu na spika, juu ya kivuli cha spidomita. Utafiti uliofanyika Arizona na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa dashibodi ya gari lililoachwa juani kwa saa moja ilifikia wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi, wakati hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 47 hivi. Hakuna sehemu nyingine ya ndani iliyopimwa ikakaribia hapo. Usukani ulikuwa nyuzi 53.

Datsun 240Z ni mfano unaotajwa kila mahali. Gari hilo la Kijapani lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969 lina dashibodi ndefu yenye mashimo marefu ya geji, na ni nadra kuikuta ya asili bila ufa. Wapenzi wa mbio za Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa sababu nyingine: Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Peugeot 404 na 504, washindi wengine wa mbio hizo, zilibaki barabarani kwa miongo mingi zikibeba abiria na mizigo. Land Rover nayo ilijiunga na kundi la magari yanayopasuka dashibodi mwaka 1971, pale Series III ilipoacha paneli ya bati ya katikati na kuweka vipimo mbele ya dereva ndani ya dashibodi ya plastiki. Jua la ikweta halikuchagua kati ya gari la bingwa na la mwenye duka.

Mjini Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, jibu la kwanza la ufa lilikuwa kitambaa. Zulia jembamba au kitambaa chenye manyoya hukatwa kufuata umbo, hupindwa kingo, hutandikwa juu; madereva wa matatu na daladala waligeuza jambo hilo kuwa pambo, na wengine huongeza pindo za rangi. Wahifadhi wa magari ya kale hulibeza, bila haki. Zulia lisilong'aa huondoa mwako wa jua kwenye kioo, na ni kwa sababu hiyohiyo Ferrari waliivika dashibodi ya Dino kitambaa cha manyoya mafupi kinachofanana na ngozi ya panya.

Hatua inayofuata ni ganda la plastiki ngumu ya ABS, jembamba, lililofyonzwa juu ya kalibu iliyochukuliwa kwenye dashibodi nzima, ambalo hubandikwa kwa gundi ya silikoni juu ya ile iliyopasuka. Ni rahisi na hufanyika bila kung'oa kitu. Lakini huficha ubovu tu, huongeza unene pembezoni mwa matundu, na uso wake ni mgumu kuliko pedi iliyo chini.

Kazi halisi ya fundi huanza dashibodi inapotolewa garini. Mara nyingi hilo hudai usukani, geji zote, wakati mwingine hata kioo cha mbele, kuondolewa. Picha na vipimo huchukuliwa kabla ya kugusa chochote, kwa maana umbo la asili likishapotea hakuna wa kuulizwa. Ngozi iliyojikunja kwenye ufa hukatwa, povu lililooza hukwanguliwa, shimo hujazwa povu jipya lenye ulaini unaokaribia ule wa zamani. Hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu: hujaza nyufa kwa poda ya kunyooshea bodi, inayosuguka vizuri na kugeuka jiwe. Baada ya miezi michache ya joto, mpaka kati ya jiwe na sponji hujitokeza juu ya ngozi mpya.

Uso ukishanyooshwa, njia hugawanyika. Karakana zenye mashine hupasha karatasi ya vinili na kuifyonza juu ya dashibodi yenyewe, iliyotobolewa matundu madogo ili hewa ipite; matokeo hayana mshono, kama ya kiwandani. Fundi wa viti asiye na mashine hutumia vinili inayonyumbuka pande zote, gundi ya kupaka pande mbili na bomba la hewa moto, akianzia katikati na kuvuta kuelekea kingo. Umbo likiwa na kina kisichovutika, hukata violezo vya karatasi, hushona vipande kwa cherehani na kupanga mshono ukae kwenye ukingo wa asili. Ngozi halisi hufuata njia hii, na hupendeza, ingawa kwa gari lililotoka na PVC ni uzushi mzuri tu. Kwa magari yenye soko kubwa zipo dashibodi mpya kabisa zinazomiminwa poliyurethani kwenye kalibu, na siku hizi umbo hunakiliwa kwa mashine ya mwanga na kuchongwa kwa kompyuta.

Mabishano yanayobaki ni ya uhalisi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Torino, unaotaka marekebisho yaandikwe kumbukumbu na vipuri vya kisasa vinavyochukua nafasi ya vile vya zamani vitiwe alama ya kudumu isiyoharibu sura. Kwa dashibodi, alama hiyo hugharimu kalamu na dakika moja upande wa chini wa fremu. Mwenye gari anapaswa kuidai kwa fundi wake, kisha aitunze ngozi ya zamani badala ya kuitupa: kwa aina nyingi za magari yaliyofika Afrika Mashariki hakuna kalibu inayouzwa popote, na ganda lililopasuka ndicho kiolezo pekee kilichobaki.