Ash Dome
Ash Dome ni sanamu hai iliyoanzishwa mwaka 1977 na msanii Mwingereza David Nash huko Wales ya kaskazini. Imefanywa kwa miti 22 iliyopandwa katika duara lenye kipenyo cha mita 9 hivi, kisha ikaongozwa kwa miaka mingi hadi mashina yake yakainama kwa ndani na kufanya umbo la kuba. Miti hiyo ni ya jenasi Fraxinus, ambayo Waingereza huiita ash. Ndiyo asili ya jina la kazi hii.

Msanii
David Nash alizaliwa tarehe 14 Novemba 1945 huko Esher, Surrey. Alisoma katika vyuo vya sanaa vya Kingston na Chelsea, akahamia Blaenau Ffestiniog, mji wa machimbo ya mawe ya kuezekea, alikofanya kanisa la zamani kuwa nyumba na karakana yake. Anajulikana zaidi kwa kuchonga magogo ya miti iliyoanguka au iliyobidi kukatwa. Kazi yake Wooden Boulder, iliyoanza 1978, ni gogo la mwaloni lililochongwa mfano wa jiwe kubwa na kuachiwa kijito. Mafuriko ya miaka 25 yaliliteremsha hadi mlango wa mto Dwyryd.

Kupandwa
Miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa na shida za uchumi, na hofu ya vita vya nyuklia ilikuwa kubwa. Nash alitaka kufanya kazi ambayo ingekamilika katika karne ya 21 tu, yaani kazi inayomlazimu mtu kubaki mahali pamoja na kuihudumia. Pia hakupendezwa na desturi ya kutengeneza sanamu mjini na kwenda kuisimamisha porini. Alitaka ya kwake iote palepale. Alichagua eneo liitwalo Cae'n-y-Coed, jina la Kiwelisi lenye maana ya "shamba lililo msituni". Mahali penyewe hapatangazwi kwa wageni.

Namna ya kuongoza miti
Aina hii ya mti ilichaguliwa kwa sababu huweza kuinama mbali na shina lake kufuata mwanga bila kudhoofika. Mbinu yenyewe Nash aliitoa kwa wakulima wa Uingereza, ambao hukata mashina ya uzio hai nusu na kuyalaza yakiwa bado hai. Msomaji aliyewahi kutunza uzio wa michongoma ataelewa upesi. Shina hutiwa pengo upande mmoja, hupindwa hadi pengo lifumbe, kisha hufungwa mpaka kidonda kipone.

Hapa inafaa kusahihisha kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Mti haurefuki kwa kuinuka wote kutoka ardhini. Hurefuka kwenye ncha, na shina hunenepa tu kwa tabaka jembamba lililo hai chini ya gome. Kwa hiyo pindo lililofanywa kwenye kimo cha mita 2 hubaki kimo hicho siku zote. Bila jambo hili kuba lisingewezekana.

Nash aliichora miti hiyo tena na tena katika majira mbalimbali. Kwa kuwa sanamu yenyewe haiwezi kuhamishwa, watu wengi wameijua kwa michoro na picha hizo tu.

Ugonjwa
Kuvu Hymenoscyphus fraxineus, wenye asili ya Asia ya Mashariki, huua miti ya ash kuanzia majani na matawi ya juu. Ulienea Ulaya tangu miaka ya 1990 na kutambuliwa Uingereza mwaka 2012. Baadaye uliifikia Ash Dome pia, na hakuna dawa ya kuiponya miti iliyokwisha kuambukizwa.

Nash hakupanda ash nyingine mahali pa zile zinazokufa. Alipanda duara la mialoni michanga kulizunguka kuba. Wengine wamelitazama jambo hili kama mwisho wa kazi, lakini hukumu hiyo ina haraka: mwaloni huishi karne kadhaa, na anayeupanda akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 hatauona ukikomaa. Mialoni hiyo itahitaji mikono ya watu wengine.