Linux na kazi ngumu ya kutenganisha heda

Januari 2, 2022, Ingo Molnar, mmoja wa wakongwe wa Linux, alianika kazi aliyoianza mwishoni mwa 2020: viraka (mabadiliko ya msimbo) zaidi ya 2,200 vya kupunguza mzigo wa faili za heda (faili za matamko zinazoitwa na faili nyingine za msimbo) ndani ya keneli, kiini cha mfumo endeshi. Kwa vipimo vyake, muda wa kujenga keneli ulishuka kutoka sekunde 231 hadi 130.

Mzigo huo ni mkongwe kuliko Linux yenyewe. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompaila ikikuta mstari wa #include humimina papo hapo maandishi yote ya faili iliyotajwa, yaani heda. Faili hiyo nayo huita nyingine, na hiyo nyingine tena. Anayehitaji maelezo ya kitu kimoja hubebeshwa maelfu ya mistari, na akigusa heda inayotegemewa kila kona, mfano sched.h, sehemu kubwa ya keneli hujengwa upya.

Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka 1991 huko Helsinki, tatizo la pili liliingia. Heda zilezile zilitumiwa na keneli kwa mambo yake ya ndani, na pia na programu za nje zilizotaka kujua namna ya kuzungumza nayo. Mshika mbili, moja humponyoka. Kilichotenga pande hizo ndani ya faili moja ni alama ya #ifdef __KERNEL__. Wengi waliunganisha saraka ya /usr/include/linux moja kwa moja na msimbo wa keneli. Msimbo ulipobadilika, programu zisizohusika zikagoma kujengwa.

Nafuu ilianza mwaka 2006, toleo la 2.6.18 lilipoleta amri ya headers_install, inayochuja heda na kutoa zile tu zinazofaa kutumiwa nje. Desemba 2012, katika toleo la 3.7, David Howells wa kampuni ya Red Hat alikwenda mbali zaidi. Kwa msaada wa skripti alizigawa heda zenyewe: sehemu ya umma, inayotumiwa na programu za nje, ikahamia saraka zenye jina uapi, na heda ya ndani ikawa inaiita ile ya umma. Tangu hapo, anayekagua kiraka huona kwa jina la saraka tu kama kinagusa mkataba na programu za nje.

Viraka vya Molnar havikupokelewa kwa mkupuo. Hata hivyo, sched.h alikuwa ameshaigawa katika toleo la 4.11 la mwaka 2017, na usafishaji umeendelea kidogo kidogo. Heda za ndani zinaweza kuvunjwa na kupangwa upya wakati wowote. Zilizomo katika saraka za uapi haziguswi ovyo, kwa sababu Torvalds hakubali badiliko linaloharibu programu ambazo watu tayari wanazitumia.