Wenyeji wa Vilima: Historia ya Kumlaza Mgeni Kati ya Nyawera na Kahuzi

Nyawera, mtaa wa komini ya Ibanda mjini Bukavu, ni mahali ambapo mji huo hukutana na vilima vinavyouzunguka, kwa kuwa soko lake hulishwa na mashamba ya Kabare na Walungu, na maharage, kabichi na viazi hufika hapo migongoni mwa wanawake ambao mizigo yao hushikiliwa na ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wageni wanaotoka mjini kwenda kulala vilimani na kuzuru misitu ya mlima Kahuzi hupanda kuelekea huko huko wanakotoka wanawake hao, na historia ya safari zao haiwezi kuandikwa kama historia ya hoteli na mandhari peke yake. Swali lililo chini yake ni la nani mwenye haki ya kumkaribisha mgeni. Haki hiyo ilihama kutoka mkono hadi mkono katika karne ya 20, na kila ilipohama, walioipoteza walikuwa wale walioijua ardhi vizuri zaidi.

Katika Bushi, yaani nchi ya Bashi iliyokuwa chini ya watawala wa jadi wa Kabare na Ngweshe, kila mmoja akiitwa mwami, ukarimu ulitegemea ardhi. Mkulima aliyetaka shamba la kudumu alimtolea chifu ng'ombe au mali nyingine ya kimila, naye akapata kalinzi, ambayo ni haki ya kutumia ardhi na kuwarithisha wanawe. Asiye na uwezo huo aliazima shamba kwa muda kwa utaratibu ulioitwa bwasa, ambao haukumruhusu kupanda migomba wala zao jingine la kudumu. Tofauti hiyo ilijitokeza mara tu mgeni alipobisha hodi. Mwenye kalinzi alikuwa na nyumba iliyozungukwa na migomba, na mwenye migomba alikuwa na kasiksi, pombe inayotengenezwa kwa kuivisha ndizi, kuzikamua pamoja na majani mpaka maji yake matamu yatoke, kuyachanganya na unga wa mtama na kuyaacha yachachuke; aliyefuga ng'ombe aliongeza mashanza, maziwa yaliyogandishwa ambayo hadi leo huliwa kwa bugali, kama ugali unavyoitwa huko. Kwa hiyo, kumlaza mgeni kulikuwa wema, lakini pia kulithibitisha kwamba mwenye nyumba ana mizizi kwenye kilima chake.

Utawala wa Wabelgiji uliupindua mpango huo. Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu, uliitwa Costermansville, kwa jina la afisa wa kikoloni Paul Costermans, hadi miaka ya 1950. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, taasisi iliyopewa mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi, na mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini yakaenea mahali ambapo Bashi walikuwa wakilisha ng'ombe au wakipumzisha udongo. Kandokando ya barabara zilijengwa nyumba za kupumzikia wasafiri, zilizojulikana kwa Kifaransa kama gîte, na kazi ya kuzitunza na kuzipatia kuni, maji na chakula iliwaangukia wanavijiji wa jirani. Msafiri wa wakati huo alilala juu ya kilima cha Mushi, yaani mmoja wa Bashi, bila kuwa mgeni wa Mushi yeyote, na jambo hilo, ambalo vitabu vya mwongozo vya zama hizo havikuona haja ya kulieleza, ndilo lililoweka msingi wa utalii wote uliofuata.

Msitu nao ulipata mwenyeji mpya. Eneo la mlima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308, lilitangazwa hifadhi mwaka 1937, na miaka 10 baadaye ilianzishwa taasisi ya utafiti wa sayansi ya IRSAC, ambayo kituo chake kikuu kilijengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Tarehe 30 Novemba 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, hifadhi hiyo ikawa Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega yenye kilomita za mraba 600, kisha mwaka 1975 ikapanuliwa hadi takriban 6,000. Hapo, mapema kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani, gorila walizoezwa kuvumilia macho ya watalii. Kuwazoeza maana yake ni kuwafuata kila siku kwa miezi mingi, kuanzia kwenye viota vyao vya majani walivyolalia usiku, kupitia mianzi iliyovunjwa na kutafunwa, mpaka dume kubwa lenye mgongo wa fedha liache kushambulia. Waliojua kusoma dalili hizo walikuwa Batwa, watu walioishi msituni kwa uwindaji na ukusanyaji, na Deschryver aliwategemea kama wafuatiliaji. Katika miaka hiyo hiyo jamaa zao walikuwa wakifukuzwa msituni bila fidia, wakabaki pembezoni mwa mbuga bila ardhi ya kalinzi wala ya bwasa. Ni vigumu kutaja dhuluma iliyo wazi zaidi katika historia hii yote: ujuzi wa Batwa ulihifadhiwa, wao wenyewe wakatolewa.

Vita viliharibu karibu kila kitu ambacho utalii ulikuwa umejenga juu ya msingi huo. Wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu mwaka 1994, mapigano yakafuata mwaka 1996 na 1998, na gorila wa sehemu ya milimani, waliokuwa wapatao 250, walibaki takriban 130 kufikia mwaka 2000. Hata hivyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza kujitafutia nafasi: Pole Pole Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1992 na John Kahekwa, aliyekuwa mfanyakazi wa mbuga, ilipanda miti na kuwatafutia majirani wa mbuga riziki isiyotegemea ujangili.

Mwaka 2018 baadhi ya Batwa walirudi msituni bila kungoja ruhusa, na makabiliano na walinzi yakaleta vifo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao na kwamba warejeshewe ardhi ya mababu. Uamuzi huo ulikuwa haujatimiza mwaka tangu utangazwe wakati wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoingia Bukavu, Februari 2025, na serikali iliyotakiwa kuutekeleza ikawa haina tena mamlaka juu ya mji wenyewe.